Kimbunga Hakimsubiri Fundi: Maandalizi ya Kaya katika Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Kimbunga huzaliwa baharini. Maji ya juu ya bahari yakifika joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, mvuke mwingi hupanda, mgandamizo wa hewa hushuka, na upepo wa kila upande huvutwa kuelekea pale uliposhuka. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo hadi ukaanza kuzunguka; kusini mwa Ikweta huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, mfumo huo hupewa hadhi ya kimbunga pale wastani wa upepo wake unapofika kilomita 118 kwa saa. Kuanzia kilomita 63 huhesabiwa kuwa dhoruba ya kitropiki, na hiyo pekee yatosha kuezua nyumba iliyopigiliwa kwa haraka.

Nguvu ya upepo huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo juu ya ukuta na paa huongezeka mara nne. Paa lililostahimili upepo wa kilomita 50 kwa saa miaka nenda miaka rudi halijapimwa kwa upepo wa kilomita 100, sembuse wa 150.

Karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo kiasi hicho, na kwa sababu hiyo ni nadra sana kimbunga kuonekana katika nyuzi 5 za kwanza za latitudo. Mombasa imo ndani ya ukanda huo, na Tanga iko ukingoni mwake. Dar es Salaam, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara ziko nje yake, na kadiri pwani inavyoshuka kusini ndivyo hatari inavyozidi.

Kumbukumbu zipo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bin Said, huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth, baada ya kupita Komoro, kilitua Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, na kubomoa sehemu kubwa ya makazi ya kisiwa cha Ibo. Wiki sita kabla yake Idai ilikuwa imeipiga Beira na kuua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Aprili 2021 Jobo ilielekea Dar es Salaam lakini ikafifia kabla ya kutua. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Mvua zake ziliikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara haikufikika kwa barabara hiyo kutoka Dar es Salaam.

Tarehe hizo zinafundisha jambo. Msimu wa vimbunga katika ukanda huu huhesabiwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, lakini vingi kati ya vilivyoikaribia zaidi Tanzania vimekuja Aprili na Mei, mwishoni mwa msimu au hata baada yake, katika tanga mbili, pale kaskazi inapokwisha na kusi haijashika. Huo ndio pia wakati wa masika. Ardhi huwa imelowa, mito imejaa na miti imelegea mizizi. Kaya inayojihesabu kuwa imepona kwa sababu Machi imepita salama imehesabu vibaya.

Kugawa muda

Taarifa ya kimbunga humfikia mwananchi siku tatu au nne kabla. Siku hizo zatosha kufunga, kubeba na kuhama. Hazitoshi kubadilisha mbao iliyoliwa na mchwa, kusimamisha nguzo wala kumpata fundi, kwa kuwa kila nyumba ya mtaa humtaka fundi siku ile ile. Kwa hiyo kazi ya maandalizi ina mafungu mawili: yale yanayofanywa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, na yale yanayofanywa taarifa ikishatoka. Kaya ikichanganya mafungu hayo, kazi kubwa huangukia saa ambazo hakuna awezaye kuifanya, na anayelipa mara nyingi ni mtoto au mzee.

Paa

Paa huondoka kwa kuvutwa kwenda juu. Upepo unapolivuka huongeza mwendo na kuacha mvuto, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye mgongo wa paa. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, hewa huingia kwa nguvu na kulisukuma bati kutoka chini, wakati mvuto unalivuta kutoka juu. Nguvu hizo mbili zikikutana, nyumba huezuliwa kwa dakika chache. Imani kwamba dirisha moja liachwe wazi ili upepo upate pa kutokea ni ya hatari. Madirisha na milango yote hufungwa, na hubaki imefungwa.

Ukaguzi huanzia juu kwenda chini, kwa sababu ndiyo njia ambayo nguvu hupita. Bati limeshikwa na msumari, msumari umeshikwa na upapi, upapi umeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na lenta, lenta imeshikwa na ukuta, na ukuta umeshikwa na msingi. Kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoachia, hata kama vingine vyote vimetengenezwa kwa gharama kubwa.

Msumari wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Msumari wa bati una kofia pana na kipande cha mpira chini yake, nao hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, wala si kwenye bonde, ili maji yasipate njia. Jua la miaka michache hukausha mpira ule hadi ukapasuka. Maji hupenya, mbao iliyo chini huoza polepole, na msumari huanza kulegea tunduni. Mkaguzi aliye juu ya ngazi huushika msumari kwa vidole na kujaribu kuuzungusha: ukizunguka, bati hilo halina mshiko. Kuugonga tena katika tundu lile lile hakusaidii. Hung'olewa, upapi hukaguliwa na kubadilishwa ukiwa umeoza, msumari mrefu zaidi wenye mwili uliosokotwa hupigiliwa mahali pazima, na tundu la zamani huzibwa. Katikati ya paa misumari yaweza kuachana. Kwenye kingo, pembe na mgongo inapaswa kukaribiana zaidi, hata ikibidi kila mgongo wa bati upate wake.

Unene wa bati nao una maana. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Bati jembamba huchanika kuzunguka msumari, likaondoka na kuuacha msumari umesimama mahali pake. Kaya isiyomudu kununua bati nene kwa paa zima hupata nafuu ikiliweka angalau kwenye safu za kingoni.

Kiungo kinachosahaulika zaidi ni kile cha kenchi na ukuta. Katika nyumba nyingi kenchi imelala tu juu ya tofali kwa uzito wake, au imeshikwa na misumari miwili. Nyumba mpya inapojengwa, ncha za nondo au waya mnene huachwa zikichomoza kwenye lenta, kisha hukunjwa juu ya kenchi na kukazwa. Nyumba iliyokwisha kujengwa haijakosa dawa: fundi hutoboa ukuta chini ya lenta, hupitisha waya wa kufungia nondo wenye nyuzi kadhaa zilizosokotwa pamoja, huuzungusha kwenye kenchi na kuukaza kwa kipande cha chuma. Kazi hiyo haihitaji kuezua, na gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya paa jipya.

Umbo la paa lina sehemu yake. Paa la miteremko minne hugawa nguvu ya upepo vizuri kuliko la mgongo wa tembo, ambalo kuta zake mbili za pembetatu huupokea upepo kifua wazi. Paa lenye mteremko wa nyuzi 30 hivi huvutwa kidogo kuliko lile lililolala. Bati linalotokeza sana nje ya ukuta huupa upepo mahali pa kushika. Paa la baraza au la kipenu hufungwa kwa nguzo na mbao zake peke yake, mbali na kenchi za nyumba kubwa, ili likiondoka lisiondoke na paa zima.

Nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti zina kanuni zake. Nguzo za boriti huchimbiwa kina cha kutosha na kuangaliwa mchwa usawa wa ardhi, maana huko ndiko huliwa kwanza. Mbao au fito za mshazari kwenye pembe za nyumba huizuia isilale upande. Makuti hufungwa upya yanapolegea, na juu yake hupitishwa kamba nene au wavu wa zamani wa kuvulia uliofungwa kwenye vigingi ardhini. Hata hivyo nyumba ya namna hii haipaswi kuwa kimbilio la mtu wakati wa kimbunga. Maandalizi yake ni ya kuokoa mali. Watu huhamia kwingine.

Miti, mitaro na kisima

Mwembe uliokua na kulalia nyumba hupogolewa kiangazi na matawi makavu yote kuondolewa. Minazi iliyo karibu na nyumba huanguliwa nazi na kutolewa makuti makavu. Nazi inayorushwa na upepo yaweza kuua. Mitaro husafishwa kabla ya masika. Mikoko ya ufukweni huachwa ilivyo na kuongezwa, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kijijini. Kijiji kinachoikata kwa kuni na boriti hujivunjia ukuta wake. Kisima kifupi hujengewa ukingo wa saruji ulionyanyuka juu ya ardhi na kufunikwa, kwani maji ya mafuriko hubeba kinyesi cha vyoo vya shimo na kukimimina humo.

Uamuzi wa kaya

Watu wengi hufa au kuumia wakiwa wanasubiriana. Baba yuko dago, kambini kwa wavuvi, na simu haipatikani, mama anangoja ruhusa, bibi hataki kuacha nyumba yake, na maji yanapanda. Ndiyo maana kaya inapaswa kukaa pamoja kabla ya msimu na kukubaliana mambo manne.

La kwanza ni nani anaamua kuhama. Mtu mzima aliyepo nyumbani, mwanamke au mwanaume, awe na idhini ya wazi tangu mapema ya kuihamisha kaya bila kusubiri simu ya mtu yeyote. La pili ni mahali pa kwenda. Kwa anayekaa bondeni, ufukweni au kando ya mto ni lazima pawe mwinuko. Kwa mwenye nyumba dhaifu ni lazima pawe jengo la tofali lenye lenta na paa lililofungwa. Shule, msikiti na kanisa havina usalama kwa sababu ya jina lake. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au sheha kwa Zanzibar, ndiye wa kuulizwa ni majengo yapi yamekaguliwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini, na mwananchi ana haki ya kuiuliza kamati yake mpango wake. La tatu ni njia: isivuke daraja dogo wala korongo, kwani hapo ndipo barabara hukatika kwanza. La nne ni mgawo wa kazi: nani anambeba mtoto mchanga, nani anamshika mkono mzee, nani anabeba mfuko wa nyaraka, nani anapita kwa jirani asiyeona au asiyeweza kutembea.

Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua huwekwa katika hesabu ya peke yake. Barabara ikikatika kwa siku tano, hospitali haifikiki. Taarifa ya kwanza ikitoka, asogee karibu na kituo cha afya.

Maji, chakula na dawa

Baada ya kimbunga, maji safi huadimika kabla ya chakula. Kwa kunywa na kupika chakula chepesi, mtu huhitaji kiasi cha lita 4 kwa siku. Kaya ya watu 6 ikijiwekea ya siku 5 huhitaji lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20. Madumu huoshwa kwa sabuni, hujazwa pomoni na kufungwa. Maji ya kuoga na kufulia huwekwa katika mapipa na ndoo nyingine, yasichanganywe na hayo. Dawa ya klorini ya kutibu maji hununuliwa mapema. Bei hupanda na dukani hukauka kila kunapotokea mafuriko.

Chakula cha akiba kiwe kile kisichohitaji moto mrefu. Maharage makavu na makande hayafai siku ambazo kuni zimelowa. Tende, karanga, korosho, mkate mkavu, biskuti, samaki wa kopo na unga wa uji uliokaangwa huliwa kwa moto mdogo au bila moto kabisa. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Maziwa ya mama hayahitaji maji ya kuchemsha wala chupa. Mkaa na kiberiti hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Mgonjwa wa kisukari, presha, kifua kikuu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hapaswi kubakiwa na vidonge vya siku mbili mwezi wa Aprili. Huzungumza na mhudumu wa afya kabla, ili awe na akiba ya wiki mbili angalau. Insulini inayokosa friji huhifadhiwa katika chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi chenye mchanga uliolowa. Maji yanapokauka huchukua joto na kuacha ndani ubaridi. Chombo chenye insulini kifungwe kisiingie maji.

Mfuko wa nyaraka hukaa tayari msimu mzima: vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, kadi za bima, hati ya ardhi au barua ya mauziano. Kila karatasi hupigwa picha kwa simu na picha kutumwa kwa ndugu aliye mbali. Fedha taslimu kidogo huwekwa humo, kwa kuwa mnara ukianguka pesa iliyo kwenye simu haitoki. Tochi, betri, redio ndogo, filimbi, panga, kamba na sanduku dogo la huduma ya kwanza hukamilisha mzigo.

Taarifa inapotoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kwa ngazi tatu zenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa ya kufuatwa ni ile ya TMA inayosomwa redioni, kwenye televisheni na kutolewa na viongozi wa eneo. Ujumbe wa sauti unaosambaa kwenye makundi ya simu bila tarehe wala chanzo hauna uzito huo, na kuusambaza huwafanya watu wapuuze ule wa kweli.

Siku ya tatu kabla, vyombo vya baharini hurudi. Kusafiri kwa boti kati ya visiwa huahirishwa. Ngalawa na mitumbwi huvutwa mbali zaidi ya alama ya maji ya bamvua, hufungwa kwenye miti imara, na injini hufunguliwa na kuhifadhiwa mwinukoni. Kalenda ya mwezi hutazamwa. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Kimbunga kikitua maji yakiwa yamejaa bamvua, bahari hupanda hadi mahali ambapo wakati wa maji mafu isingefika. Upande nao una maana. Kwa kuwa upepo huzunguka kwa kufuata mishale ya saa, kijiji kilicho kusini mwa kitovu hupata upepo unaotoka baharini, unaosukuma maji kuja nchi kavu. Kijiji kilicho kaskazini hupata upepo utokao bara. Kimbunga kikielekea Mafia, basi wakazi wa mwambao ulio kusini yake wana sababu ya ziada ya kuhama ufukweni.

Siku ya pili kabla, kila kinachoweza kuruka huingizwa ndani: mabenchi, ndoo, mabati yaliyoegeshwa, meza za genge. Mawe hayawekwi juu ya paa, kwa sababu huwa silaha mikononi mwa upepo. Mifuko ya mchanga iliyofungwa kwa kamba, kama wafanyavyo watu wengi wa pwani ya Madagaska, ni afadhali. Simu zote huchajiwa. Madirisha ya vioo hufunikwa kwa mbao zilizopigiliwa kutoka nje. Madumu hujazwa.

Siku moja kabla, wanaotakiwa kuhama huhama mchana, kungali na mwanga na barabara ingali kavu. Mbuzi na ng'ombe hupelekwa mwinukoni na kuachwa bila kamba, kwani mnyama aliyefungwa hufia kambani maji yakija. Kabla ya kutoka, umeme huzimwa kwenye swichi kuu, gesi hufungwa, na godoro na magunia ya nafaka huinuliwa juu ya meza.

Saa za upepo

Anayebaki katika nyumba imara huchagua chumba cha ndani kisicho na dirisha la nje, au chenye dirisha dogo kuliko yote. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba kila upande ina jambo la kuangaliwa: mlango wa mbele na wa uani hutazamana. Mlango mmoja ukiachia, korido hugeuka njia ya upepo, na bati la juu yake huanza kuinuka. Milango yote miwili hutiwa komeo, kisha hukingwa kwa ndani kwa gogo au kabati zito. Milango ya vyumba hufungwa pia, ili upepo ukiingia chumba kimoja usiipate nyumba nzima. Watu hukaa chini, mgongo ukutani, mbali na vioo, na watoto huwekwa chini ya meza nzito na kufunikwa kwa godoro ikiwa paa limeanza kupiga kelele.

Jiko la mkaa haliwashwi ndani ya chumba kilichofungwa, wala jenereta haiwashwi ndani au barazani. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mshumaa huangushwa kwa urahisi; tochi hufaa zaidi.

Kitovu cha kimbunga kikipita juu ya mahali, upepo hutulia ghafla na pengine anga hufunguka. Utulivu huo waweza kuwa wa dakika chache au kukaribia saa nzima. Kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili, kwa nguvu ile ile, juu ya kuta na miti iliyokwisha kulegezwa. Wanaotoka kwenda kuangalia mashua au kuokota mabati hukutwa nje. Kutoka ni baada ya TMA au viongozi kutangaza kwamba kimbunga kimepita.

Watoto hupata hofu kubwa katika saa hizo, na sauti ya mtu mzima anayewaambia kinachotokea huwatuliza kuliko ukimya. Kueleza kwamba kelele ni za bati, kwamba mlango umekingwa, na kwamba wote wako pamoja, ni sehemu ya kuwalinda.

Baada ya kimbunga

Majeraha mengi hutokea upepo ukishakwisha. Nyaya za umeme zilizolala chini au ndani ya dimbwi huhesabiwa kuwa na moto, na shirika la umeme hujulishwa. Viatu vya soli ngumu huvaliwa, maana misumari ya mabati imetawanyika kila mahali. Nyoka hukimbilia penye ukavu, ndani ya nyumba na kwenye marundo ya makuti. Mto uliojaa hauvukwi kwa miguu wala kwa pikipiki. Maji yanayokwenda kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima. Kwa moto na uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kisha huja hatari ya maji machafu. Kule Beira kipindupindu kilithibitishwa chini ya wiki mbili baada ya Idai, na baada ya Kenneth kilizuka pia Cabo Delgado. Maji yote ya kunywa huchemshwa hadi yatokote au hutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisima kilichoingiwa na mafuriko hakitumiki kwa kunywa mpaka kimechotwa, kimesafishwa na kutiwa dawa na wataalamu wa afya. Mikono huoshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Anayeharisha huanza kunyweshwa mara moja: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akipelekwa kituo cha afya wakati huo huo. Vyandarua huokolewa na kutundikwa tena mapema, kwa kuwa madimbwi huzalisha mbu ndani ya siku chache.

Uharibifu hupigwa picha kabla ya kusafishwa, na kuripotiwa kwa mwenyekiti au sheha ili kaya iingie katika orodha ya tathmini. Mabati yaliyookotwa hukaguliwa. Yaliyochanika matundu ya misumari hayafai kurudishwa kingoni mwa paa. Nyumba hujengwa upya kwa kurekebisha kiungo kilichoachia, na fundi ndiye wa kuulizwa ni kipi kilichoachia kwanza.

Msaragambo wa kuezeka huanzia kwa wale wasioweza kujiezekea: wajane, wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, na kaya zenye watoto wachanga. Mvua za masika haziishi siku ambayo kimbunga kinapita, na mtoto anayelala chini ya turubai lililotoboka aweza kupata nimonia. Mtaa ulioandika majina ya kaya hizo kabla ya msimu huanza kazi siku ya kwanza. Usioandika huanza kwa mwenye sauti kubwa.